Ng'ombe Aliyekaa Jorodom

Endagikot, Mbulu
19 Januari 2025

Shangazi yangu Marieta,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva wa Noah ya Katesh, yule mrefu anayekufahamu, kwa hiyo ikichelewa mlaumu yeye. Huku Endagikot hatujambo. Maharage hayakujaa, mvua ilikatika mapema, lakini viazi vipo. Tito ameanza darasa la kwanza na ameshapoteza viatu. Glory anakusalimu.

Uliniuliza kupitia kwa shemeji yako Yoakimu kwa nini sikufika Krismasi, na hii kazi ya kompyuta isiyo na mshahara wala sikukuu ni kazi gani. Nitajaribu kukueleza, ingawa hata mimi siku hizi sijui niielezeje.

Mshahara naupata dukani Mbulu mjini, ninapowachapia watu barua na kutoa kopi. Hii nyingine ni programu niliyoiandika mwenyewe mwaka jana, naiita Tone. Inasoma vipima mvua vilivyowekwa mlimani, inajumlisha mvua ya siku na ya wiki, inakadiria udongo umeshiba maji kiasi gani. Ukizidi mpaka, inawatumia watu ujumbe kwenye simu: ondokeni korongoni. Basi. Niliiweka kwenye mtandao iwe huria, maana yake mtu yeyote duniani anaichukua bure, anaifungua aone ilivyoundwa ndani, anairekebisha apendavyo.

Ifikirie kama ng'ombe anayewekwa kwa mtu afugwe. Kama baba alivyowapa watu ng'ombe wake huko Dirma. Anayefuga anakunywa maziwa, samadi ni yake, ndama ni wa mwenyewe. Ndama wangu mimi ni yale marekebisho: mtu akiboresha kitu anirudishie, na wengine wakipate. Shida ni kwamba ndama hawaji. Ng'ombe yuko Peru, yuko Nepal, yuko mahali ambapo siwezi hata kupatamka. Wote wanakamua. Akikohoa, wananiandikia mimi. Kuna bwana mmoja wa Peru anaandika kwa herufi kubwa tupu, kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde: kwa nini mpaka leo hujarekebisha?

Nikitoka dukani nakaa kwenye kazi hiyo, Jumapili pia. Nimechoka, Shangazi. Kuna siku natamani ng'ombe huyu angerudi tu nyumbani, nimfunge, nilale.

Aliye karibu na wewe yuko Jorodom, kwa Mwalimu Pascal: kiboksi cheusi chenye Tone ndani, juu ya kabati la ofisi ya shule. Najua hupiti Jorodom tangu tope la mlima liliposhuka. Nimekutajia tu.

Simu yako bado imezimwa? Sikulaumu.

Mwanao,
Agustino Hhando


Dirma, Hanang
9 Februari 2025

Agustino, baba yangu,

Marahaba. Dereva wako amekaa na barua mpaka ikanuka dizeli, lakini imefika. Sisi tupo. Jua ni kali, ng'ombe wanatembea mbali kutafuta maji. Ndama wa yule mweusi amekufa. Nililia kidogo nikaacha. Yoakimu mguu unamsumbua, ila mdomo haumsumbui.

Unaandika kuwa Glory ananisalimu. Amenisalimu kwa mdomo wake, au wewe umemsaidia? Nauliza kwa sababu Krismasi alinitumia sukari kutoka Dongobesh, kwa wazazi wake, na hakutaja kuwa uko naye.

Habari ya ng'ombe nimeielewa. Wanasema ng'ombe wa maskini hazai. Wako anazaa, ila anazalia Peru. Yoakimu alicheka. Mimi sikucheka sana. Baba yako alikuwa na ng'ombe katika maboma mengi, lakini kila boma alilijua. Alikula humo, alimjua mke wa mtu na mbwa wake. Wewe umewapa ng'ombe watu ambao hujawahi kukalia kigoda chao. Nani alikufundisha hivyo?

Halafu mwenye mali akichoka, haendi mwenyewe kumdai ng'ombe, ataonekana ana kinyongo. Anatuma ndugu. Baba yako hayupo, na aliyebaki ni mimi dada yake. Umesema unatamani arudi nyumbani. Nimekusikia. Hilo niachie.

Simu imezimwa na itakaa imezimwa. Mwenye habari mbaya acha apate taabu ya kuziandika.

Kula, baba. Yoakimu anasema umebaki mifupa.

Shangazi yako,
Marieta


Dirma
11 Machi 2025

Agustino, baba,

Hujanijibu, na mimi sikungoja. Huku tu wazima, mawingu yameanza kukaa juu ya mlima. Jana nilikwenda Jorodom.

Nilimchukua Yoakimu awe shahidi, na kibuyu cha asali, kwa kuwa kwetu ng'ombe hachukuliwi kwa mikono mitupu. Tulifika shuleni tukapewa chai na maandazi. Hatukusema tulichofuata mpaka tulipomaliza kula, kama inavyopasa. Yoakimu alikula ya kwake na ya kwangu, kwa hiyo ilichukua muda. Kisha nikasema, "Mwalimu, mwenye ng'ombe amechoka. Anaomba arudi nyumbani."

Mwalimu Pascal ni mtoto wa watu wetu, alielewa hata kabla sijamaliza. Akasema, "Mama, mali ni ya Agustino. Nimemkamua mwaka mzima, siwezi kusema hapana." Akapanda juu ya kiti, akachomoa nyaya mwenyewe, akafuta vumbi kwa mkono wa shati. Hakuuliza sababu. Mtu aliyelelewa vizuri haulizi.

Kiboksi kiko kwangu, nimekiviringisha kwenye kitenge, juu ya sanduku la nguo. Hakili, hakinywi. Sasa pumzika.

Nilipita pale nyumba ilipokuwa. Mtu amepanda mahindi.

Bado hujanijibu kuhusu Glory.

Shangazi yako,
Marieta


Endagikot
14 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya Februari niliisoma kwa haraka dukani, watu wakiwa kwenye foleni, nisamehe kwa kutojibu. Tangu hapo sijapata nyingine. Natumaini ng'ombe wamepata maji.

Nimeharibu kitu, na sina mtu mwingine wa kumwambia. Jumatatu nilitoa toleo jipya la Tone. Mchana huohuo Jorodom ikanyamaza. Hakuna vipimo, hakuna chochote. Kwingine kote inafanya kazi, pale tu ndipo imekufa. Nikajua ni mimi. Nimeipekua programu yote mstari kwa mstari na siuoni ugonjwa. Mwisho nikawaandikia wote warudi kwenye toleo la zamani. Bwana wa Peru akajibu kwamba toleo jipya ndilo zuri kuliko yote, na kwamba mimi ni mtu asiyejiamini. Hata pongezi anazitoa kama matusi. Yule mama wa Nepal aliniuliza kwa upole kama huwa nalala. Sikumjibu.

Mwalimu Pascal sijampigia. Naona aibu. Aliniamini wakati watu wengine walisema ni mchezo wa kompyuta. Nitampigia nikishapata dawa.

Umeniuliza habari za Glory. Yuko kwao tangu Novemba, na Tito yuko naye. Alisema haoni tofauti ya kuolewa na mimi na kuolewa na mgongo wangu. Ile habari ya viatu nilisimuliwa.

Mvua imeanza huku. Huko je?

Mwanao,
Agustino


Endagikot
21 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 11 imenifikia leo. Nakuandikia nikiwa kitandani. Ni vidonda vya tumbo tu, nililazwa kidogo, usiulize. Noah haziendi, barabara imekatika, na daktari hataki nipande pikipiki. Kwa hiyo barua hii anakuletea Joseph, fundi pikipiki wa hapa jirani. Mpe uji.

Nimempigia Mwalimu Pascal hatimaye. Alidhani mimi ndiye niliyekutuma. Nilimwomba akifuate kiboksi kwako, akakataa. "Mama yule nilimsaidia kuzika," alisema. "Siwezi kwenda kumtoa kitu mkononi. Akikirudisha mwenyewe nitakipokea." Sikuweza kumlaumu, kwa sababu hata mimi ningesema hivyo.

Nilikosea mfano, Shangazi. Ng'ombe ukimchukua, aliyekuwa naye anakosa maziwa, basi. Kiboksi ukikichukua, watu wa korongoni hawaambiwi kitu. Na Tone yenyewe haijarudi nyumbani. Iko palepale duniani kote, na wanaonikamua wanaendelea kunikamua. Ulichochukua ni masikio ya Jorodom tu. Mlimani mvua inanyesha mfululizo na hakuna anayehesabu.

Sikutaka kukukasirikia, lakini nimekasirika. Wiki nzima nilitafuta kosa ambalo halikuwepo, mpaka nikatapika damu, na kosa lilikuwa kwenye kitenge chako.

Sasa nitamtaja kwa jina, kwa sababu sioni namna nyingine. Kazi hii niliifanya kwa ajili ya Loveness. Alikuwa mwanao, lakini kwangu alikuwa dada, tulikula sahani moja mpaka tukawa watu wazima. Asubuhi ile alikupigia simu tope likiwa limeshafika mlangoni kwake, na yeye hakuna aliyekuwa amempigia. Tangu siku hiyo siwezi kukaa bure. Kila nikifunga kompyuta naona kama nimemfungia nje.

Kirudishe, Shangazi. Usingoje kesho.

Agustino


Jorodom, Katesh
23 Machi 2025

Agustino, baba,

Salamu utazikuta chini. Kwanza habari yenyewe: kimerudi.

Joseph alinikuta nakamua. Nilimwachia Yoakimu ng'ombe, nikapanda nyuma ya pikipiki na kiboksi tumboni, nimekifunga kwa kitenge kama mjamzito. Tulianguka kwenye tope karibu na daraja. Nikaanguka chali, ili kisiumie. Mgongo unauma mpaka sasa. Mwalimu amekifunga mahali pake, ametafuta vipima vyake kimoja kimoja, na taa ya kijani inawaka. Hakusema neno la kunilaumu, na hilo ndilo limenichosha kuliko safari.

Sasa nisikilize. Unasema ulikosea mfano. Mfano wako haukuwa na ubaya, na mimi si mtoto. Siku ile, akiwa anachomoa nyaya, Mwalimu aliniambia, "Mama, hiki ndicho kinachowapigia watu mvua ikizidi." Alidhani nitafurahi. Mimi nikakichukua hivyo hivyo. Moyo wangu ulisema, wangu hakupigiwa, kwa nini hawa wapigiwe? Desturi ya ng'ombe ilinipa mahali pa kujificha tu. Mvua ilipoanza kupiga bati kule Dirma nilikuwa nakaa nakitazama juu ya sanduku. Nilishindwa kukirudisha kwa aibu, nikashindwa kukiacha. Barua yako ilinikuta katika hali hiyo. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu, na sijamwambia mtu mwingine.

Na wewe pia nikuambie. Loveness hakukudai kitu. Alikudai lini? Alikuwa anakuita mvivu na anakucheka. Umemfanya mwanangu awe mnyapara wa kukusimamia, na hakuwa mtu wa namna hiyo hata siku moja. Mwachie apumzike.

Huyo ng'ombe wako umeshika kamba yake peke yako. Ukifa kwa hayo matumbo, nani atamtibu? Baba yako hakuweka mali yote katika boma moja, ugonjwa wa ndigana ungemmaliza kwa msimu mmoja. Tafuta wafugaji wa kweli, ujue wanaishi wapi na wanaishi vipi, uwape kamba. Kisha nenda Dongobesh. Usiende na kompyuta.

Mimi nabaki hapa kidogo kwa mke wa Mwalimu. Barabara ya Dirma ni mbaya, na mgongo hautaki pikipiki.

Nakusalimu, baba. Kunywa maziwa, yasiyoganda.

Shangazi yako,
Marieta


Dongobesh
13 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo, na pole na mgongo. Nakuandikia kutoka kwa wakwe, kwenye meza ya mama mkwe, ambaye tangu nifike hajanisemesha zaidi ya salamu. Tumbo limetulia. Tito ana viatu. Glory anakusalimu, safari hii kwa mdomo wake, amesimama hapa nyuma yangu anahakikisha nimeandika. Hajasema kama atarudi. Amesema nikae kwanza, tuone.

Kamba nimezigawa, maana yake funguo za kuingia kwenye programu na kuibadilisha. Nilifuata ulivyosema. Peru siwezi kwenda, kwa hiyo nilimwomba yule bwana wa herufi kubwa anionyeshe kwake kwa kamera ya simu. Alishangaa. Nilimwambia, kwa Kiingereza chetu kibovu sote wawili, kwamba kwetu hatumwachii mtu ng'ombe kabla ya kuliona boma lake. Kisha akatoka nje, akanionyesha mke wake, wanyama wao wenye shingo ndefu ambao kwetu hawapo, halafu mlima. Chini ya mlima kulikuwa na misalaba ya mbao, mingi. Aliishikilia simu hapo muda mrefu. Yeye sasa ana funguo.

Mama wa Nepal anazo pia. Alinionyesha jiko lake akanikaribisha chai, tukacheka kidogo. Wa tatu ni Mwalimu Pascal. Programu bado haijui vizuri, lakini yuko karibu na mlima kuliko sisi sote, na anajifunza. Toleo jipya tumelirudisha. Bwana wa Peru alisema kweli.

Nilidhani nitajisikia mwepesi, Shangazi, lakini sivyo. Najisikia mchovu tu, uchovu ambao nilikuwa sina nafasi ya kuusikia. Nalala mchana kama mgonjwa. Nikiamka mkono unatafuta kompyuta, halafu nakumbuka niliiacha Endagikot. Juma hili yalitokea makosa mawili, na wale wawili wakayatengeneza bila mimi. Niliyasoma kwenye simu ya Glory. Iliniuma kidogo, nikalala tena.

Maneno ya tarehe 21 yalikuwa makali, nisamehe. Na lile ulilonieleza la moyo wako, sijui kama nimekusamehe kabisa. Nadhani ndiyo. Nipe muda.

Mwanao,
Agustino


Jorodom
27 Aprili 2025

Agustino, baba,

Marahaba. Yoakimu ameileta barua yako hapa pamoja na malalamiko yake, amechoka kukamua, eti vidole vimekufa ganzi. Nitarudi Dirma juma hili. Mwambie Glory nimezipokea salamu zake, na kwamba asiharakishwe na mtu. Wewe nawe usiharakishe kunisamehe, maana hata mimi sijamaliza.

Alhamisi mvua ilianza asubuhi na haikupumzika. Mchana, nikiwa sokoni na mke wa Mwalimu, simu za watu zikalia kwa pamoja, kwenye mikoba, mifukoni, kwenye meza za nyanya. Watu wakasoma, wakatazamana. Mimi nilikamata nguzo ya kibanda. Mwenyekiti akaanza kupiga filimbi, na hapo watu wa korongoni wakaanza kupanda kuja shuleni. Walikuja na magodoro, kuku, mitungi ya gesi, bwana mmoja na televisheni kichwani. Tuliwapikia uji. Watoto walilala juu ya madawati.

Mlima haukufanya kitu. Mvua ilikatika, korongo likapitisha maji yake likatulia. Asubuhi watu walikuwa na hasira. Wameloa, hawajalala, mbuzi wameingia kwenye mahindi ya mtu. Mzee mmoja alimwambia Mwalimu kuwa kiboksi chake kinadanganya. Mwalimu akanitazama mimi, kana kwamba nina la kujibu. Nilikuwa nimechoka sana, baba. Nilikuwa nasugua sufuria, nikaendelea kusugua.

Wa mwisho kuondoka alikuwa binti mmoja mwenye mtoto mgongoni. Anakaa jirani na pale alipokuwa anakaa Loveness, wamejenga upya. Alinisaidia kubeba sufuria mpaka jikoni. Kisha akaniuliza, kwa adabu, lakini na yeye amechoka, "Bibi, sasa jana tulikuwa tunakimbia nini?"

Nilimtazama. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, mate yanamlowesha mama yake shingoni. Nikamwambia, "Nenda nyumbani, ukampikie mtoto."

Akaenda, anateleza teleza kwenye tope, anashikilia matako ya mtoto kwa mkono mmoja. Nilisimama pale mlangoni, sikuingia ndani mpaka nilipoona moshi unatoka jikoni kwake.

Shangazi yako,
Marieta